Mtawala Asiyeitikia Hodi

Siku ile ilinitoa jasho, na baridi yote ile. Miye mtu wa Pangani nimeletwa Njombe niwe mkuu wa shule. Kikao changu cha kwanza nikahutubia weee, walimu wakanitazama kimya mpaka mwisho, wakatoka. Nikarudi nyumbani nimevunjika moyo, nikaapa kesho naomba uhamisho. Jioni nikajilaza kwenye kochi na koti langu, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya mabonde ya kijani, na mama mmoja mwenye miguu ya vumbi akanishika mkono. "Naitwa Unyenyekevu, mwanangu. Twende ukamwone mwenzio." Akanipeleka kwenye kasri alimokaa Gotfridi, kabaila kijana wa Ulaya aliyeletwa kuitawala nchi asiyoijua hata njia zake. Sikioni mwake alikuwa ameinama waziri mnene, jina lake Kiburi. Nje wananchi walifika na ndizi, maziwa na mashauri yao. "Hodi," wakaita. Gotfridi akataka kuinuka, Kiburi akambonyeza bega: "Mfalme haitikii, Mtukufu. Wenye shida wataingia." Wakabisha tena, na mara ya tatu, kisha, kama ilivyo adabu yao, wakajitwika mizigo wakaondoka. Mtu aingie vipi nyumba ya wenyewe hajakaribishwa?

"Hawanipendi," Gotfridi akanung'unika, machozi yakimlenga. Nilimwonea huruma kwelikweli, maana maneno hayo hayo nilikuwa nimeyasema mimi mchana.

"Walikuja kumpokea," Unyenyekevu akaniambia taratibu. "Yeye akangoja waingie, wao wakangoja wakaribishwe. Tazama sasa." Nikamwona Gotfridi, ameshavuliwa taji, akiufungua mlango kwa mkono wake na kusema "Karibuni" kwa ulimi mzito. Uwanja ulikuwa mtupu. "Yeye kachelewa," mama akasema. "Wewe bado. Amka."

Nikaamka. Nje mwanamke alikuwa akiita, "Hodi. Hodi tena, Mwalimu." Nikaijua sauti: Editha Mahenge wa hesabu, aliyekuwa kimya kuliko wote kikaoni. Kiburi bado ananing'ang'ania, ananiambia nijifanye sipo. Ikaja hodi ya tatu, kisha nikasikia viatu vikigeuka kwenye changarawe. Nikaruka, koti likadondoka.

"Karibu! Karibu ndani, Mwalimu!"

Alikuwa na sufuria ya viazi vya moto, na wenzake wamesimama getini. "Tulingoja utuulize neno pale kikaoni," akasema.

Nikavuta viti vyote vilivyokuwamo. "Basi kaeni," nikawaambia, "nawauliza sasa."