Bi She Aomba Kukaa

Jana niliota, tena mchana kweupe, shibe ya ugali na mlenda ikiwa bado kooni na kalamu nyekundu mkononi. Nataja mchana mapema ili mtu asije akasema ni mambo ya usiku. Jua lilikuwa linawaka, jirani alikuwa anapasua kuni, na mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya kusahihishia na madaftari arobaini na mawili ya kidato cha pili.

Ninafundisha Kiingereza, mwaka wa thelathini na moja huu, na hapa Korogwe wanafunzi wangu wananijua kwa mambo mawili: fimbo sipigi, na kiwakilishi sisamehi. Kiwakilishi, kwa aliyesahau shule, ni lile neno dogo linalosimama badala ya jina. He, She, It na ndugu zao. Kanuni yangu ni moja tu: taja jina kwanza, kiwakilishi kifuate. Mwanafunzi akiniandikia She bila kuniambia ni nani, namzungushia duara jekundu na kumwandikia pembeni, Nani?

Sasa asubuhi ile binti yangu Zaituni alikuwa amepiga simu kutoka Morogoro. Amejifungua mtoto wa kike, na kesho yake, siku ya saba, mtoto angepewa jina.

"Baba, wakwe wamekubali. Mtoto aitwe jina la bibi yako, yule aliyekulea. Si ndivyo ulivyotaka siku zote?"

"Ndivyo hasa, mwanangu."

"Haya, alikuwa akiitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Alikuwa akiitwa Bibi. Majirani walimwita Mama Athumani, kwa jina la baba yangu mkubwa. Wanawake wadogo walimwita Bi Mkubwa. Hata msibani kwake watu walisema marehemu, marehemu, mpaka tukatawanyika. Alinichukua nikiwa na miaka miwili, akanisomesha kwa maandazi, nikambeba begani siku ya mwisho, na jina lake sina. Waliolijua wametangulia wote.

Nikamwambia Zaituni mtandao unakatika, nitampigia jioni. Mtandao haukuwa unakatika. Niliona aibu, na sioni sababu ya kuificha hapa.

Basi nikakaa kusahihisha ili nisifikiri. Daftari la nne lilianza hivi: She is old. Nikazungushia duara jekundu. Neno likatoka ndani ya duara, likajipangusa wino, likasimama mbele ya meza yangu.

Ni mwanamke mwembamba wa makamo. Gauni lake ni jeusi, viatu kavikanyaga visigino, na miguu imemvimba.

"Karibu, Bi She," nasema. "Kaa."

"Siwezi kukaa. Umewafundisha watoto kwamba mimi husimama badala ya jina. Nimesimama."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari yako ya kwanza kazini. Uliandika ubaoni, She sells maandazi. Kila mwaka unaiandika hiyo hiyo. Miaka thelathini na moja nimesimama hapo ubaoni na beseni kichwani, na hujasema hata siku moja ni badala ya nani."

"Ni badala ya bibi yangu."

"Bibi si jina, mwalimu. Bibi naye kasimama. Tazama nyuma yangu."

Natazama. Nyuma yake amesimama Bibi, neno lililochoka, limeegemea ukuta. Nyuma ya Bibi amesimama Mama Athumani, nyuma yake Bi Mkubwa, nyuma yake Marehemu akiwa amejifunika shuka jeupe kwa adabu. Foleni inatoka mlangoni kwangu na kuendelea.

"Na mwisho wa foleni kuna nani?"

"Huko ndiko aliko mwenyewe," anasema Bi She. "Ukimtaja, sote tunakaa. Ila fanya haraka, dirisha linafungwa saa kumi."

Sikuuliza dirisha gani. Katika ndoto mtu anajua. Nikavaa kandambili nikafuata foleni.

Mlango wangu hufungukia uani, kwenye banda la kuku. Jana ulifungukia uwanja wa gwaride wa shule. Katikati ya uwanja alikuwa amesimama Bwana I, mrefu, amenyooka, suti mpaka kooni. Nikamwomba apishe kidogo.

"Mimi sisogei," anasema. "Nikiwa mwanzo wa sentensi ni herufi kubwa. Nikiwa katikati, ni kubwa vilevile. Kuinama sijafundishwa."

Miguuni pake amekaa mdogo wake, Me, kijibwana kilichokunjamana, shati limetoka vifungo. Huyu maisha yake yote hajafanya jambo mwenyewe. Huitwa, hupewa, hupigwa, huachwa. Nilipompita akanitazama kwa matumaini, akauliza kama nina chochote cha kumfanyia. Nikampa mkono. Akasema hilo lingemtosha mpaka Ijumaa.

Nikitahamaki, uwanja umekwisha na niko mbele ya duka la ushirika la kijiji nilichokulia, lile la bati lililoliwa na kutu. Lilibomolewa zamani. Liko hapo, na dirisha lake la mbao liko wazi. Ndani, nyuma ya rejista kubwa, amekaa karani mwenye uso laini usio na umri. Huyu peke yake ana kiti.

"Naitwa It," anasema. "Sema shida."

"Namtafuta mtu. Bibi yangu mzaa baba."

"Jina?"

Nikajikuna kisogo. Bwana It hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Usijali. Asiye na jina hupokelewa na mimi. Mbuzi ni wangu, mawe ni yangu, mvua ni yangu. Waingereza mvua ikinyesha hunitaja mimi, na hakuna anayeuliza ni nani hasa anayenyesha. Nimeshazoea. Saa kumi ikifika nitamwandika bibi yako humu. Nimemwekea nafasi kati ya mvua na meza."

"Bibi yangu akae na meza?"

"Ni meza tulivu. Hatasumbuliwa, wala hataitwa tena na mtu."

Saa ya ukutani inasema imebaki dakika nane. Nilimwona bibi yangu, aliyekuwa akiamka alfajiri kukanda unga ili mimi nivae viatu, akiandikwa kwenye rejista pamoja na samani, na kesho mjukuu wangu akipewa jina lolote lililo karibu.

Nikaanza kubahatisha. "Fatuma!"

Fatuma wanne wakatokea na makopo yao. "Umetuita?"

"Samahani, si nyinyi. Halima!"

Wakaja Halima sita, mmoja na mtoto mgongoni. Bwana It akanikumbusha kwamba mtu akiita watu ovyo inambidi awape chai. Nikasema Mariamu, nikasema Zena, nikasema Sikitu. Duka likajaa wanawake wanaongoja chai, wote wananitolea macho, wala hakuna hata mmoja anayenuka iliki.

Iliki. Hapo ndipo niliposikia mkono ndani ya mkono wangu, mkono mkavu wenye harufu ya iliki na mafuta ya kukaangia. Nikajitazama. Nimevaa kaptura ya shule, magoti yana vumbi, na ndevu zangu za mvi ziko pale pale kidevuni. Nina miaka tisa na miaka hamsini na sita kwa wakati mmoja. Mkono ni wake. Nikainua uso haraka nimwone, Bi She akajitupa katikati yetu akamziba.

"Niwie radhi," anasema. "Ndiyo kazi yangu. Nami sipendi."

Nikainua uso upande wa pili. Bi She akawahi. Mara ya tatu alikuwa anahema, na machozi yanamtoka. Nikaacha kutafuta uso, nikashika tu mkono.

Dirishani Bwana It hayupo. Yupo karani wa kweli, marehemu Mzee Shemdoe mwenye kofia ya pama, na mbele yake gunia la sukari. Ni miaka ile ya sukari kwa kadi, foleni kuanzia adhana ya asubuhi. Hapa sikuwa naota tena, nilikuwa nakumbuka ndani ya ndoto, na kila mtu aliyewahi kufanya hivyo anajua tofauti yake.

Mzee Shemdoe anainua kadi. "Mwantumu Sefu!"

Watu wanageuka huku na huku.

"Mwantumu Sefu!"

Mkono ndani ya mkono wangu unakakamaa.

"Mwantumu binti Sefu, yupo au hayupo? Wenzake wanangoja!"

"Abee!"

Kaitika bibi yangu. Kaitika kwa sauti nyembamba, sauti ya msichana aliyeitwa na mama yake toka uani, kisha kaziba mdomo kwa upande wa khanga na kucheka kwa haya. "Lo, Shemdoe, nimejisahau! Ndiyo mimi. Sijaitwa siku nyingi."

Na mimi nilifanya nini? Nilicheka. Naandika hivi kalamu ikiwa nzito. Mtoto wa miaka tisa, niliona kichekesho kwamba Bibi ana jina kama watu. Njiani kurudi nikawa naruka-ruka nikiimba Mwantumu, Mwantumu, mpaka akaniambia, kwa upole kabisa, "Haya basi, baba, we niite Bibi tu. Yatosha." Nikamtii. Katika mambo yote aliyowahi kuniambia, hilo ndilo nililolitii vizuri kupita yote.

"Dakika moja," inasema saa, na Bwana It amerudi kwenye kiti chake, kalamu imeshachovywa.

Nikapasua koo. "Mwantumu binti Sefu!"

Kalamu ikasimama hewani. Bwana It akafunga rejista taratibu. "Basi nabaki na mvua," akasema, akateremsha dirisha.

Foleni yote ikakaa. Marehemu alikaa kwanza, akajifunua shuka usoni apate upepo. Bi Mkubwa akakaa, Mama Athumani akakaa, Bibi akateleza ukutani mpaka chini na kunyoosha miguu. Fatuma na Halima wakaona hapana chai, wakaondoka wakinisema. Bi She aliingia chumbani kwangu, maana duka lilikuwa limekwisha kuwa chumba changu. Kuna kiti cha pili mbele ya meza yangu, ambacho siku zote kimebeba madaftari. Akayashusha moja moja, akayapanga sakafuni, akakaa, akavua viatu.

"Aah," akasema.

Akaingia na mwenyewe, sukari yake kwenye karatasi iliyosokotwa, na kona ya karatasi imepasuka. Safari hii hakuna aliyemziba. Sura ilikuwa ile ile, na kovu dogo la mafuta juu ya nyusi, ambalo nalo nilikuwa nimelisahau.

"Sogea kidogo, mwenzangu," alimwambia Bi She, wakabanana kwenye kiti kimoja.

"Bibi, nisamehe."

"Sadiki," akasema, maana yeye jina langu hakulipoteza hata siku moja, "usicheze na mtandao. Mpigie mtoto simu."

Nikaamka.

Jirani alikuwa bado anapasua kuni. Daftari la nne lilikuwa wazi mbele yangu, duara langu jekundu lipo, na ndani ya duara karatasi ni nyeupe. Is old, imeandikwa, na kabla yake hakuna kitu. Nikajiambia ni macho, mtu kaamka miwani imepinda. Kisha nikaangalia kiti cha pili. Madaftari yalikuwa sakafuni, yamepangwa sawasawa.

"Mwasiti!" nikaita.

Mke wangu alikuja mbio na mwiko mkononi, khanga inamdondoka. Miaka thelathini namwita Mama Zaituni.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni wewe umeshusha madaftari yangu?"

"Mimi? Nina wazimu wa kugusa madaftari yako?" Akanitazama kwa wasiwasi, kisha akatazama kiti, akainama. "Na hawa sisimizi wametoka wapi?"

Walikuwa saba au wanane, kwenye mbao za kiti, mstari mmoja. Kila mmoja amebeba chembe. Mwasiti akaokota moja kwa ncha ya kidole, akaionja.

"Sukari," akasema.

Nyumba yetu haina sukari. Daktari alinikataza mwaka juzi, na Mwasiti mwenyewe ndiye aliyegawa iliyobaki kwa majirani, mpaka kopo.

Sikumweleza kwanza. Nilichukua simu, nikampigia Zaituni.

"Anaitwa Mwantumu," nikasema. "Mwantumu binti Sefu."

"Mwantumu," akarudia. "Zuri. Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Nilikuwa sina, mwanangu. Sasa ninalo. Hebu muite."

"Lakini jina ni kesho, Baba."

"Muite tu."

Nikasikia akihamisha simu, nikasikia kitanda kikilia. Mwasiti alikuwa amesogea karibu, sikio lake kwenye bega langu. "Mwantumu," Zaituni akaita polepole, kama anayejaribu joto la uji. Kule Morogoro mtoto wa siku sita akatoa sauti moja, fupi, nyembamba.

"Baba, umesikia? Kaitika!"

Nilisikia. Huyu hakungoja aitwe mara ya tatu.