Iko na Pima?

Kama kuna kitu kimenichosha duniani, ni tochi. Nimeuza mandazi, nimeuza viazi vya Londiani, nimeuza mitumba, na hakuna kilichowahi kunirudia. Kiazi ukishakinunua ni chako, kikioza kimeoza kwako. Tochi hurudi. Inarudi imepondeka, inarudi na matope ndani ya kioo, inarudi na alama za meno ya mbwa, na anayeirudisha anakutazama kana kwamba mbwa huyo umemlea wewe.

Mwaka ule wa El Niño, pale Kapkatet hakukuwa na kitu kilichouzika kama tochi. Barabara zilikatika. Lori la majani likawa linafika senta, pale chai inapopimwa, jioni sana, siku nyingine halifiki kabisa, na wakulima wanakaa na vikapu vyao vya chai wakilisubiri mpaka giza linawakuta. Kisha wanateremka makwao kwa vijia vya utelezi katikati ya michai. Asiye na tochi alifika nyumbani amevaa udongo. Nami nilikuwa na meza yangu kwenye veranda ya duka la mzee Hezekiah, nikazipanga hapo, za bati na za plastiki, na mawe yake kando, maana huku betri tunaziita mawe.

Hiyo veranda niieleze vizuri. Sisi ni watu wa Kisii, na huku ni kwa Wakipsigis. Mume wangu Omosa alikuja kuchuma chai kwenye shamba la kampuni, watoto wetu wakazaliwa huku. Mwaka wa vurugu za makabila tulifunga virago tukakimbilia Keroka, na tuliporudi soko lilikuwa halina tena nafasi ya mtu wa kwetu. Hakuna aliyetutukana. Walisema tu kwamba pamejaa. Hezekiah peke yake ndiye aliyesogeza magunia yake ya chumvi, akaniambia niweke meza. Kifua cha Omosa kilikuwa kimeshamwachisha kazi, kwa hiyo veranda ile ndiyo ilikuwa shamba letu. Kuipoteza ilikuwa ni kurudi Keroka kwa ndugu zake, ambao walikwisha kugawana hata kona tuliyoachiwa ya kujenga.

Nilikuwa na desturi yangu ya kuuza. Naiwasha tochi mbele ya mnunuzi, naiinua mpaka begani, naiachilia kwenye saruji. Ikiendelea kuwaka, unachukua. Ikizima, naiweka chini ya meza, na jioni naichezea springi na swichi mpaka ipate adabu. Wanunuzi walipenda sana. Kuna waliosimama pale kuangalia tu, hawana haja na tochi wala hawana haya.

Siku moja akaja mzee Kipkosgei, mtu mzito, mzee wa kanisa, mtu ambaye akisema jambo limesemwa. Akachagua ya bati, akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Iko na pima?"

Sasa katika ulimi wa Kipsigis, p na b ni mapacha. Wenyewe hawazitofautishi, na sisi tuliokaa nao tumezoea kuchagua kwa kukisia. Mimi nilisikia pima, nikafurahi kupata hatimaye mtu wa kuuliza swali la maana. Nikamwambia zote ziko na pima, mzee, nazipima mimi mwenyewe. Nikaiangusha, ikawaka. Akanipa mkono kwa heshima, akaenda zake.

Kumbe mwenzangu aliuliza bima. Ile ya karatasi kwenye kioo cha gari, kwamba ukigongwa utalipwa. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, akasimama akawaambia watu kwamba mama wa Kisii pale kwa Hezekiah tochi zake zina bima, ikiharibika anakupa nyingine. Alinisifu kwa moyo safi, hilo silikatai. Niliuza wiki ile mpaka nikamwambia Omosa kwamba Mungu ametukumbuka.

Kisha zikaanza kurudi. Wa kwanza alikuwa Robert, kijana wa kinyozi, na tochi iliyokanyagwa na gurudumu la trekta, imekuwa bapa kama chapati. Nikamuuliza anataka niifanye nini. Akaniambia nimpe mpya. Nilimpa maneno ambayo mama mtu mzima hatakiwi kumpa kijana, naye akangoja nimalize, akasema, "Lakini Mama Atuti, si zina bima?" Robert amesoma, b yake inatoka safi. Hapo ndipo akili yangu ilipokimbia nyuma mpaka kwa mzee Kipkosgei, nikakaa chini kwenye gunia la chumvi.

Nilijaribu kueleza. Jaribu wewe. Unamwambia mtu, "Nilisema pima, sikusema bima," naye anaitikia kwa kichwa, "Ndiyo, ulisema bima." Unarudia polepole, unafunga midomo, unapuliza, anakuangalia kwa huruma. Na kila siku wanaongezeka. Kuna iliyopigwa teke na ng'ombe akikamuliwa, ikatumbukia kwenye maziwa. Kuna iliyoangukia chooni, na mwenyewe akaiosha nusu tu akaniletea kwenye jani la mgomba. Phyllis, mke wa fundi cherehani, alikiri bila aibu kwamba alimpiga nayo mumewe. Nikamuuliza bima gani inalipa hiyo. Akasema bwana yuko sawa, ni tochi imeumia.

Nilicheka usiku, lakini mchana nilikuwa sicheki. Neno lilikuwa limebadilika mdomoni mwa watu. Halikuwa tena tochi mbovu, lilikuwa Mkisii mwongo. Hilo linatembea haraka kuliko lori lolote, na tulikwisha kuona linakoishia. Ndipo Hezekiah akaja mezani kwangu, amekunja mikono. Wateja wa duka lake walianza kumnunia. Aliniambia bila kunitazama kwamba Jumamosi watu wote watakuja, niwape nilichoahidi. Nikishindwa, atasikitika, lakini meza itaondoka. Nilimwambia sikuahidi. Akasema anajua, na kwamba kujua kwake hakusaidii.

Tochi nzima nilizobaki nazo zisingetosha hata nusu yao. Jumamosi niliamka nimechoka kabla ya kufanya chochote. Walikuja wamejipanga kama watu wa zahanati, kila mtu na maiti yake mkononi. Mbele yao mzee Kipkosgei amevaa koti la Jumapili. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Alikuwa mtu aliyesimama kanisani akamtolea mwingine ushahidi, sasa ushahidi umemgeuka. Yake haikuvunjika popote, alisema, ila ikiguswa kidogo inazima, na ukitaka iwake tena lazima uipige kofi mgongoni.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu, foleni ikasogea kando. Alikuwa ni Chepkirui. Alimzika mumewe, Johana, mvua ile ile, na watu walikuwa bado wanampisha njia. Tulijua Johana aliteleza akitoka senta, basi, mengine hatukuuliza. Alikuja na kikapu cha majani mgongoni na tochi ya bati mkononi. Akaiweka mezani. Nilitafuta ufa, nikatafuta kioo kilichopasuka. Nikasukuma swichi, ikawaka hapo hapo, mwanga mkali mchana kweupe.

Nikamwambia, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza, kwamba hii haijaharibika.

"Haikuharibika," Chepkirui akasema. "Hiyo ndiyo maneno nimeleta. Johana alikuwa anateremka, sisi tunaangalia mwangaza wake kutoka nyumbani. Alianguka pale juu, kwa kona. Tochi ikatoka kwa mkono, ikabingirika mpaka chini kwa mto, ikakaa hapo inawaka. Sisi tukaona mwangaza, tukakimbilia mwangaza. Tukatafuta kwa maji, tukaita, mto unapiga kelele. Yeye alikuwa juu, ndani ya chai, karibu na njia. Tulipita hapo. Tulimpita."

Mtoto wa mtu aliuliza kitu, akanyamazishwa.

"Kama ingezima," akasema, "tungeanzia pale tuliiona mwisho."

Nilikuwa nimejisifia tochi ile ile, pengine niliiangusha mbele ya Johana mwenyewe na yeye akacheka akalipa. Nilimwonea Chepkirui uchungu. Nikaanza kuokota tochi nzima kutoka mezani, ya kwanza, ya pili, nikimsukumia achague, kana kwamba hilo ni dawa.

Akazirudisha kwangu kwa upole. Alisema bado lazima ateremke njia ile ile, kwa sababu chai haijui msiba, na watoto wanamngoja nyumbani. Tochi anataka. "Lakini nipe ile inazima ikianguka," akasema. "Mimi nikianguka, nataka wanipate."

Nikainama chini ya meza kwenye zile mbovu. Niliwasha moja, nikaiinua begani, nikaiachilia. Ikawaka. Nikachukua nyingine iliyokuwa imenisumbua wiki nzima, ikagonga saruji, ikaruka, ikawaka vizuri kuliko ilivyowahi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nikachukua ya Phyllis iliyompiga mume, nikaiangusha kwa nguvu, ikaendelea kung'aa tu bila aibu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa naomba tochi ife mbele ya wateja wangu. Foleni yote ilikuwa inatazama mkono wangu. Robert alianza kunipa za watu wengine, moja baada ya nyingine, bila kuambiwa. Zile zilizokuwa hai zilibaki hai. Zilizokuwa zimekufa hazikuwaka hata kidogo, na tochi isiyowaka angeifanyia nini.

Mzee Kipkosgei alikuwa bado amesimama mbele. Akausogeza mkono wangu kando, akawasha yake mwenyewe, akaiinua mpaka begani kama nilivyokuwa nafanya, akaiachilia. Ikapiga saruji mara moja, ikazima.

Akainama kwa taabu, akaiokota. Akaipiga kofi mgongoni, ikawaka. Akamwonyesha Chepkirui mahali pa kupiga, akamwambia asiipige kwa nguvu, kidogo tu. Chepkirui akaichukua akaiangusha mwenyewe, ikazima tena. Akaitikia kwa kichwa.

Nilikwisha kutoa tochi mpya, nikamnyooshea mzee. Hiyo ilikuwa haki yake, au deni la masikio yangu, kwa vyovyote sikutaka tena kubishana. Hakuipokea. Aliangalia koti lake, akafunga kifungo ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

"Wacha, Mama Atuti," akasema. "Kumbe hiyo yangu ilikuwa mzuri."

Akashuka veranda. Wengine wakatazamana, wakaanza kumfuata na tochi zao mifukoni. Si wote. Wawili walingoja mpya zao, na niliwapa, binadamu ni binadamu. Hezekiah alitoka ndani, akaangalia veranda iliyobaki karibu tupu, akarudi dukani akaendelea kupima sukari. Hakutaja tena habari ya kuondoa meza, wala mimi sikumuuliza.

Chepkirui alikuwa bado anarekebisha kamba ya kikapu kwenye paji la uso. Nilimwambia kwamba springi ile italegea zaidi, kwamba siku moja itazima akiwa hajaanguka, katikati ya njia, na itabidi asimame gizani peke yake. Nilitaka ajue, kwa sababu nilikuwa nimechoka kumuuzia mtu kitu asichokijua.

"Nitasimama," akasema. Akatumbukiza tochi katikati ya majani, akaenda senta kulisubiri lori.