Mlinzi Asiyemjua Kitinda

Kitinda alipofariki, dada yake fundi cherehani hakulia. Msibani wengine walimsifu kwamba amejikaza, na wengine wakanong'onezana pembeni kwamba hana uchungu. Wote walikosea. Ilikuwa ganzi tu, kama ile inayoshika mguu ulioukalia muda mrefu: unauona ni wako, lakini ukiufinya hausikii kitu. Siku ya nne baada ya mazishi alifungua karakana yake, akaitia mafuta cherehani, akaendelea na gauni aliloliacha pindo nusu.

Jina la Kitinda alipewa kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yao, na alipofika miaka thelathini na miwili hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha. Homa iliyodhaniwa ndogo ilimlaza hospitali siku tano; ya sita hakuiona.

Alichomwachia dada yake kilikuwa ndani ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuandika programu katika ofisi moja ya bima, na likizo moja alikaa pale karakana kwenye kiti cha wateja, akamtazama dada yake akipekua madaftari kutafuta kiuno cha mtu aliyempima mwaka juzi. Akamtengenezea programu, akaiita Futi, kwa heshima ya ile futi kamba inayoning'inia shingoni mwa fundi kutwa. Ndani yake kulikuwa na vipimo vya kila mteja, na nafasi ya maelezo ambamo fundi aliandika mambo kama "bega la kushoto limeshuka" au "anasema amepungua, usibishane naye". Kila ilipofunguliwa, Futi iliuliza: "Dada, leo tunamkata nani?" Wateja waliokuwa wakichungulia walicheka. Baada ya msiba, fundi aliyapita maneno yale kama mtu anavyopita kibao cha barabarani anachokijua.

Mwezi wa tatu tangu msiba alikuja shemeji yake, mume wa dada yao wa kati. Huyu ni mtu wa kola iliyonyooka na maneno yaliyonyooka, asiyeamini kitu cha bure hata kikiwa ushauri. Aliketi mbele ya kompyuta kuchapa barua, akaona kwamba inalindwa na programu ya bure ya kuzuia virusi, akatikisa kichwa. Alisema cha bure ni ghali, na kwamba mlinzi asiyelipwa hulala. Kesho yake akarudi na leseni ya mwaka mzima aliyoinunua kwa pesa yake, akaisimika mwenyewe, akakataa kurudishiwa hata senti. Pembeni mwa kioo pakatokea alama ya kijani. Fundi akamshukuru. Alikuwa akimshukuru kila mtu siku hizo, kwa sauti ile ile.

Asubuhi ya Jumanne moja, matroni wa hospitali alipita kuagiza sare za wauguzi wake arobaini, zikamilike ndani ya wiki mbili. Wauguzi ni wale wale wa mwaka jana, alisema, kwa hiyo vipimo vyao fundi anavyo. Fundi akakubali, na matroni alipoondoka akaenda kufungua Futi. Haikuwepo. Mahali pake palikuwa na tangazo: "Tishio limeondolewa. Kompyuta yako iko salama."

Alilisoma mara mbili, akaita Mama Vifungo alisome pia. Mama Vifungo ni shoga yake na mwenzake wa kazi, mwanamke mnene wa machozi ya karibu, ambaye vifungo vyote vya karakana ile hupita mikononi mwake. Alisoma, akakaa chini, akaanza kulia, akisema sasa hata hicho kimekwenda. Fundi alimwangalia akimsubiri amalize. Halafu akampigia shemeji simu.

Shemeji alikuwa ofisini, akasema kwa sauti ya chini, "Kama imeondoa kitu, shemeji, basi kitu kilikuwepo. Hawa watu hawaondoi kwa kubahatisha. Pengine marehemu alipakua mafilamu yake humo, yakaja na virusi. Vijana hawaangalii."

Fundi akasema sawa, akakata simu. Ni kweli Kitinda alikuwa akipakua filamu. Basi huenda ndiye aliyeleta ugonjwa ndani ya kompyuta, na huenda Futi ilikuwa imeoza siku nyingi bila yeye kujua. Aliliweka wazo hilo kichwani kama anavyoandika kipimo, bila kulijadili. Kisha akachukua futi, daftari jipya na kalamu, akaenda hospitali kuwapima wauguzi upya.

Mama Vifungo alimwambia ni wazimu kupima watu arobaini kwa kitu ambacho pengine kinaweza kutengenezwa. Lakini kwa mtu mwenye ganzi, kufanya kazi ni rahisi kuliko kuuliza swali. Siku mbili alisimama katika chumba cha kubadilishia nguo, kati ya makabati ya chuma na ndoo ya kudekia, akawapima wauguzi kumi na tisa kadiri walivyotoka zamu. Wodi aliyolazwa Kitinda ilikuwa ghorofa ya juu yake. Alilijua hilo, akaendelea kusema geuka, nyoosha mkono, pumua kawaida.

Siku ya tatu Mama Vifungo alivuka barabara bila ruhusa ya mtu, akamleta Bwana Waya. Huyu ni mtengeneza kompyuta wa duka la mkabala, mzee kidogo, mpole, aliyepata jina lake kwa sababu kila mfuko wake una waya unaochungulia. Yeye na fundi cherehani walizoea kuitana fundi, kila mmoja kwa ufundi wake. Alikaa, akabofya hapa na pale, akasema haikufutwa. Imefungiwa tu. Programu hizi, alieleza, zikishuku kitu hukitia chumba cha peke yake mpaka mwenye nyumba aamue. Akaomba muda, kwa sababu hataki kuufungua mlango kabla ya kujua nani yuko ndani.

Akakaa pale hadi baada ya mchana, na chai yake ikapoa. Aliipitisha Futi kwa wakaguzi wengine wa virusi; wengi wakanyamaza, wawili wakalalamika. Kisha akakuta folda ambamo Kitinda alihifadhi maandishi yenyewe ya programu, akayasoma mstari kwa mstari, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Nimeisoma yote," alisema mwishowe. "Haina kirusi. Mdogo wako aliandika vizuri, ila alikuwa mvivu kidogo. Ukiifunga hii programu, inafungua mafaili yote kwa mpigo na kuyaandika upya yote, hata yale usiyoyagusa. Sasa kuna wezi wa kompyuta wanaofanya hivyo hivyo. Tena ni programu iliyoko hapa tu, dunia nzima hakuna nyingine. Lazima ishukiwe."

"Kwa hiyo hii ya kulipia ni ya uongo," alisema Mama Vifungo.

Bwana Waya akakataa. Akawaonyesha orodha ya mambo ambayo programu ile imeyafanya tangu isimikwe. Wiki mbili nyuma, mteja mmoja alileta flashi yenye picha za mshono anaoutaka. Ndani ya flashi ile kulikuwa na kirusi cha kweli, na kilikamatwa mlangoni. Fundi akamkumbuka mteja. Gauni la harusi, mikono mirefu.

"Sasa mimi niamini ipi?" aliuliza.

Bwana Waya akavua miwani. "Fundi, mlinzi ukimlipa atalinda. Pengine yule wa bure naye angelinda, sijui, sitakudanganya. Lakini hata ukimlipa, hawajui watu wa nyumbani kwako. Anajua mwendo wa mwizi tu. Mdogo wako alikuwa na mwendo huo, basi akamfungia. Kumtambulisha ni kazi yako."

Akamfungulia ukurasa wenye kibonye cha kurudisha na kisanduku cha kuweka alama, mbele yake pameandikwa "Naiamini programu hii." Akamwachia kiti. Alisema kompyuta si yake, abofye mwenyewe. Fundi akabofya. Futi ikafunguka, ikauliza swali lake. Mama Vifungo akatoka nje akiwa ameshika mdomo. Fundi akaandika jina la muuguzi wa kwanza.

Bwana Waya alimnakilia kila kitu kwenye flashi mbili, moja ikae karakana na nyingine nyumbani, akasema hiyo ndiyo kinga ambayo hata yeye anaiamini. Alikataa malipo, akaomba ashonewe mfuko wa suruali uliotobolewa na waya.

Jioni ile fundi alilinganisha vipimo vya daftari jipya na vya Futi. Kati ya wauguzi kumi na tisa, kumi na mmoja walikuwa wamebadilika. Sita kwa inchi moja au mbili tu; mmoja alikuwa mjamzito, watatu wamenenepa, mmoja amekonda mpaka fundi alifikiri amekosea, akaukumbuka uso wake, akajua hakukosea. Angekata kwa vipimo vya Futi, sare kumi na moja zingerudi. Kwa hiyo kesho yake alirudi hospitali akawapima ishirini na mmoja waliobaki, kisha akaingiza namba zote ndani ya Futi, akizifuta za mwaka jana moja moja.

Jumamosi ya wiki iliyofuata shemeji alikuja. Alikuwa amesikia kwa mkewe, na mkewe kwa Mama Vifungo. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu. Fundi akamvutia kiti, akamweleza yote, pamoja na kirusi cha flashi, kwa sababu ndiyo haki. Akamwambia leseni yake itabaki. Kuhusu kuilipia tena mwaka ujao, wataona.

Shemeji akasema, "Nilimtukana marehemu kwenye simu."

"Hukumtukana. Ulidhani."

"Pale hospitali nilishindwa kufanya kitu, shemeji. Siku tano nasimama kwenye korido nimeshika chupa ya maji. Nikasema angalau kompyuta aliyomwekea dada yake niilinde. Nikachukua ile ya bei kubwa kabisa." Akainamisha uso, kola yake iliyonyooka ikapinda, akalia kimyakimya pale kwenye kiti cha wateja.

Fundi alitafuta kipande cha pamba kilichobaki kwenye sare, laini, akampa afutie uso. Akamwekea mkono begani. Alisubiri kuona kama machozi ya mwenzake yatamvuta ya kwake, kama mwayo unavyovuta mwayo. Hayakuja. Bega lilikuwa linatikisika chini ya kiganja chake, naye aliuhisi mtikisiko huo vizuri, na joto la shati pia. Hakuutoa mkono mpaka shemeji alipotulia.

Kisha akamwomba, kama haendi mahali, amshikie upande mmoja wa kitambaa akikate, maana Mama Vifungo amekwenda sokoni na sare saba bado. Shemeji akakunja mikono ya shati, akashika.

Sare zilikwenda siku moja kabla ya ahadi. Matroni akazihesabu, akasema safi, isipokuwa moja ambayo mikono imezidi kidogo, na fundi akasema airudishe, ataikata.