Isale la Isack

Margareta alichota majivu kwa vidole vitatu, akayadondoshea kwenye moyo wa muhindi, akasogea kwa unaofuata. Mgongo ulimuuma. Karibu kila moyo ulikuwa na kiwavijeshi wake, amenona, na kinyesi chake kimejaa kama unga wa mbao. Kule mlimani kwenye kihamba, shamba la nyumbani, kuna ndizi na kahawa tu. Mahindi ya kula mwaka mzima, yeye na mama mkwe wake asiyeinuka kitandani, yanatoka huku tambarare, chini ya Sanya Juu. Na shamba lote lilikuwa limetobolewa.

Lote, isipokuwa mistari mitatu ya barabarani. Hiyo ilikuwa ya kijani, majani mapana, haina hata tundu. Mbele yake kilisimama kibao: SHAMBA DARASA.

Kibao kililetwa na Isack, afisa ugani, mtoto wa shemeji yake, aliyemlea mwenyewe kwa mtori mpaka akaenda chuo. "Mama mdogo, nipe shamba lako liwe la mfano," alimwambia wakati wa kupanda. "Dawa ni ya mradi, bure. Wewe usihangaike kutafuta nyingine." Naye, kwa kuwa aliyesema ni mtoto wa nyumbani, hakuhangaika. Dawa ikapulizwa kwenye mistari mitatu, ikakoma. Kila akiuliza: inakuja, iko njiani, gari limeharibika Bomang'ombe. Gari gani hilo linaharibika msimu mzima!

Jana Margareta alimfokea mbele za watu. Jioni Isack akaja hapa hapa shambani na jani la isale, amelishika kwa mikono miwili, kichwa chini.

"Nimekukosea, mama mdogo. Dawa imechelewa. Nisamehe."

Mchagga akiletewa isale atafanyaje? Hata aliyeuliwa ndugu hulipokea. Na ukishalipokea, jambo limezikwa, hulitaji tena. Margareta akalipokea, akaliweka kwenye kikapu, machozi yakamtoka kwa kumhurumia. Kumhurumia Isack, jamani!

"Kesho wageni wa mradi wanakuja," Isack aliongeza. "Utasema maneno mawili ya shukrani."

Sasa alikuwa akiwasubiri wageni hao. Stella, jirani wa shamba la pili, alikuja akasimama kumwangalia.

"Dada, unahangaika na majivu na dawa yako ilishapigwa?"

"Ilipigwa wapi?"

"Si kwa Isack! Lile shamba alilokodi kule juu ya mfereji. Mimi ndiye niliyebeba bomba mgongoni. Chupa zina nembo ile ile ya kibao chako. Nilidhani mmekubaliana, nyie si ndugu?"

Margareta aliketi chini kwenye udongo.

"Kumbe alijua," alisema. "Ananiinamia vile, na alijua."

Hakuomba msamaha wa wizi. Aliomba wa kuchelewa, ili wizi ufukiwe humo humo, na leo yeye anyamaze. Hilo lilimuuma kuliko mahindi.

Magari mawili yalifika. Isack alishuka na fulana mpya ya mradi. "Shikamoo, mama mdogo," alisema kwa sauti tamu. Marahaba haikutoka. Wageni walipiga picha penye kibao, na mkubwa wao, mama mmoja kutoka Dar, akamshika Margareta bega.

"Hongera mama! Shamba limependeza."

"Karibuni ndani. Mkaone na nyuma."

"Nyuma kuna matope, mheshimiwa," Isack alidakia, "na ratiba imebana."

Wageni wakatazama viatu vyao.

Margareta akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa lile isale, likingali bichi, akampa Isack mbele ya wote. Wanakijiji waliokuja kuwaona wageni walisogea karibu. Hakuna aliyewahi kuona isale likirudishwa.

"Hilo ni nini?" mgeni aliuliza. "Zawadi?"

"Ndiyo, mheshimiwa," Isack aliwahi. "Ni jani la baraka la kwetu. Anaushukuru mradi."

"Jamani, mama ana upendo!"

"Mheshimiwa, dawa hii ili..." Margareta alianza. Isack akapiga makofi kwa nguvu, wageni wakamfuata, sauti ya Margareta ikafunikwa. Wenyeji hawakupiga. Stella alitema mate chini.

Isack alipanda gari na isale lake mkononi, kwa maana hakujua pa kulitupa. Hakuna aliyempungia.

Vumbi lilipotulia, Margareta alikitikisa kibao mpaka kikang'oka. Akakiburuta, akapita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaenda kukisimika katikati ya mahindi yaliyoliwa, maandishi yakitazama barabarani. Akakishindilia kwa kisigino. Kisha akarudi kuchukua majivu yake.