Namba Kumi na Mbili Haiiti

Nilikuwa kwenye mstari wa kumi na tisa wa programu wakati taa ya betri ya sola ilipotoka kijani ikawa njano. Ukungu ulikuwa umefunika mlima tangu asubuhi na paneli haikuwa imeonja jua. Niliusoma ule mstari upya, nikakuta nimeruka alama moja, nikaiweka. Nilikuwa nikigonga vitufe kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Ilikuwa hasira ya siku nne.

Kifaa chenyewe kilikuwa kimechomekwa ubavuni mwa laptopu, kidogo kama kidole gumba. Kwa macho ni flashi. Ndani ni kompyuta kamili, na nilikuwa nimeipa kazi moja tu: kuunganisha simu tatu. Namba kumi na moja hapa zahanati. Kumi na mbili Bondeni, kitongoji cha chini, gari linapoishia. Kumi na tatu ofisi ya kijiji. Mtandao wa simu za kawaida haufiki huku. Sauti zetu hupita kwenye antena zinazotazamana kuvuka korongo. Ilinichukua miezi minane kujifunza, nikikosea na kurudia.

Mgonjwa akibebwa kwa machela, Shadia, nesi wetu, hupiga kumi na mbili. Wanaume wa Bondeni huanza kupanda. Hukutana na wa juu mtoni, nusu ya njia, wakapokezana machela bila kuigusisha chini. Alhamisi iliyopita kumi na mbili haikuita. Wanaume wanne walimbeba Halima njia nzima peke yao, kwenye mvua, mwendo wa saa tano. Halima alifika hai. Mtoto hakufika hai. Sisemi simu ingemwokoa. Shadia naye hasemi. Lakini kila mmoja wetu anazijua hizo saa tano.

Simu ilikuwa imeuliwa na mtendaji wa kijiji, Mzee Pazi. Jumanne alikuja zahanati kuchaji simu yake, akaona flashi imekaa kwenye kisanduku cha umeme "bila kazi". Alikuwa anamtoa mwali binti yake, akataka nyimbo za kutia kwenye sabufa. Akateremka nayo hadi mjini, kwa wauza nyimbo wa Mwembesongo. Wakamuuliza, tufute vilivyomo? Akasema futeni. Sabufa ikalia Jumatano nzima, na Alhamisi alfajiri akairudisha mahali pake, taa ikawaka, hakumwambia mtu.

Na sasa alikuwa mlangoni, akipangusa matope.

"Fundi! Bado unapigana na kidudu chako?"

Ni rika la baba yangu, na tangu nipate akili sijawahi kukutana naye nisimwamkie. Alisubiri. Nikaandika mstari wa ishirini.

"Kwani shikamoo nazo zimefutwa?"

"Umezifuta wewe, mzee," Shadia alisema kutoka kwenye kabati la dawa. "Ukaweka nyimbo."

"Jamani, mimi ningejuaje? Kinafanana na flashi, kinaingia kama flashi, kimeimba kama flashi. Haya, si flashi?"

Hapo alinigusa pabaya, kwa sababu ni kweli. Mimi ndiye niliyekiacha kijitambulishe kama flashi, nipate wepesi wa kunakili faili. Hata jina sikukiandika. Nililijua hilo tangu Ijumaa, na halikuipunguza hasira yangu.

"Ulimuuliza nani kabla ya kuchomoa?" nilisema.

Alikohoa kidogo.

"Simu ya ofisini itakuwa tayari? Kesho nina wageni kutoka wilayani, nimeshawaambia tuna simu."

Nilisimama, kiti kikaanguka. Nyuma ya pazia dada yangu Mwanahawa alikuwa akitembea polepole, ameshika ukuta. Mtoto amekaa vibaya, Shadia alitueleza, hapa hawezi kuzaliwa, lazima mama ateremshwe hospitali.

"Mjomba wa huyo mtoto ni mimi," nilisema. "Unajua kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Likitokea la kutokea, kikao kitaniuliza mimi. Niwajibu nini? Sabufa ilinoga?"

"Kaka, usimpige," Mwanahawa aliita kutoka kule. "Vijana wote wako Dakawa kwenye mpunga. Ukimvunja huyo, machela atabeba nani?"

Hakuna aliyecheka. Kisha tukamsikia akivuta pumzi kwa nguvu, uchungu ukimbana. Shadia akaingia ndani. Alipotoka alitazama taa ya betri kabla ya kunitazama mimi. Ilikuwa nyekundu.

"Uchungu umeanza, lakini bado unakuja kwa kuachana. Fundi, zima. Betri hii ama ni laptopu yako, ama ni taa yangu ya usiku."

"Imebaki mistari sita."

"Zima, Halidi."

Nikahifadhi, nikazima. Shadia akamgeukia Pazi.

"Namba kumi na mbili leo ni wewe. Teremka Bondeni sasa hivi. Waambie tunatoka hapa kukipambazuka, wapande, tukutane mtoni. Na wewe upande nao."

"Kwa miguu? Na ukungu huu?"

"Ulitaka upite kwenye antena?"

Alivitazama viatu vyake vya ofisini. Akanitazama mimi, labda akingoja nimwambie nitakwenda mwenyewe. Nikakiinua kile kiti. Mimi ni mmoja wa wanaume wanne waliobaki huku juu wanaoweza kushika mti wa machela. Akakunja suruali, akaondoka. Tulimsikia akiteleza pale kwenye migomba, akatukana, akaendelea.

Nilichomoa kifaa. Kwa kalamu ya Shadia ya kuandikia chupa za dawa, nikaandika ubavuni SIMU, herufi zikajaa upande mzima. Nikakitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kwenye daftari nikaandika nilipofikia: mstari wa ishirini. Wa ishirini na moja ni neno la siri la Bondeni. Nitauandika kesho, nikirudi kutoka mtoni.

Kisha nikaenda nyuma ya zahanati kukagua kamba za machela.