Picha ya Darasa la Tano

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, mhudumu wa shule alipigilia misumari miwili ukutani, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, akatundika picha ya darasa la tano iliyopigwa kwa ajili ya Siku ya Tamaduni. Wanafunzi thelathini na wanne walikuwa wamepangwa uwanjani kwa safu tatu. Katikati ya safu ya mbele, pale alipowekwa na mwalimu mkuu kwa mkono wake, alikuwa msichana ambaye wenzake walimwita Mgeni. Alishika kitambaa kilichoandikwa "Sote ni Wamoja". Rangi yake na nywele zake hazikufanana na za wenzake. Alizaliwa mitaa mitatu kutoka shuleni, na baba yake pia.

Kufikia mapumziko ya saa nne, Mgeni alikuwa amehama pichani. Alisimama safu ya nyuma, mwisho kabisa upande wa kulia. Kitambaa alikuwa amekikunja na kukiacha juu ya benchi.

Mhudumu alitoa taarifa. Mwalimu mkuu alitoka, akafuta miwani, akahesabu wanafunzi. Walitimia. Akampigia simu mpiga picha.

"Kazi yako ina kasoro. Mtoto wa mbele amekwenda nyuma."

"Mzee, mimi napiga watu walipo," alisema mpiga picha. "Wakihama baadaye, hilo si langu."

Hata hivyo alisafisha nakala nyingine mbili. Ya kwanza ilidumu dakika arobaini. Ya pili waliiwekea kioo kinene, na Mgeni akasubiri hadi kengele ya kwenda nyumbani.

Jumatano aliitwa ofisini yeye mwenyewe.

"Kwa nini unahama kwenye picha?"

"Sijahama, mwalimu. Kule ndiko ninakokaa."

Alisema kweli. Mpango wa kukaa darasani ulibandikwa karibu na mlango, ukiwa na muhuri wa shule na sehemu tatu: jina, dawati, sababu. Wengine waliandikiwa "mfupi" au "miwani". Mvulana aliyeitwa Redio aliandikiwa "msumbufu" na kuwekwa dawati la mbele. Mgeni alikuwa dawati la mwisho, na sababu yake ilikuwa "nywele". Ilidhaniwa kwamba zingewaziba wenzake. Hakuna aliyewahi kukaa nyuma yake akahakikisha.

Kutoka dawati la mwisho hakuuona ubao vizuri. Katika jaribio lililopita alikokotoa kwa usahihi kabisa hesabu kumi na moja ambazo hazikuwa ubaoni. Akifeli mtihani wa mwisho wa mwaka, angerudia darasa. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amefika shuleni mara tatu kuomba ahamishiwe mbele. Mara tatu aliambiwa kwamba mpango ni wa mwaka mzima.

Mwalimu mkuu alimwagiza mwalimu wa darasa afundishe somo la ubaguzi wa rangi, ili mtoto atulie mahali pake pichani kabla mkaguzi wa elimu hajafika Siku ya Tamaduni, Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Mwalimu wa darasa alikuwa mwanamke makini, na alijiandaa. Aliandika maana ya ubaguzi ubaoni, wanafunzi wakanakili, akakusanya madaftari. La Mgeni lilikuwa safi. Lilisema: "Ubaguzi wa rangi ni kumtendea mtu", kisha nafasi tupu, "kwa sababu ya", nafasi nyingine, halafu nukta.

"Mbona hukumaliza, mwanangu?"

"Nimeacha nafasi, mwalimu. Nitajaza nikijua."

"Haoni," alisema Redio. "Mama yake ameshasema mara tatu. Nilisikia zote."

"Ulisikilizia wapi wewe?"

"Mlangoni pa ofisi. Ulikuwa umenifukuza."

Mwalimu wa darasa alikwenda ofisini na daftari. Mwalimu mkuu alilisoma, akasifu mwandiko.

"Naomba nimhamishe dawati tu, mkuu."

"Tukimhamisha, itaonekana sababu haikuwepo. Mpango una muhuri. Tuvumilie mwaka uishe."

Kesho yake mwalimu aliingia darasani na ndoo ya maji. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ubao wa zamani wa kuandikia zamu za usafi. Aliuosha, akaukausha kwa kitambaa, akaandika tarehe.

"Geuzeni viti. Hakuna kuhama."

Walivigeuza. Kila mtu alikuwa kwenye dawati lake kama mpango ulivyotaka, na Mgeni alikuwa mbele.

"Jamani, sasa mimi ndiye Mgeni!" alilalamika Redio kutoka mwisho wa darasa.

"Karibu," alisema Mgeni bila kugeuka. "Utazoea."

Mwalimu alimuuliza mtoto mfupi aliyekuwa nyuma ya Mgeni kama nywele zilimziba.

"Nywele zipi, mwalimu?"

Asubuhi iliyofuata, wanafunzi wote pichani walikuwa wamegeuka. Vilionekana visogo thelathini na vinne, na cha nyuma ya vyote, yaani mbele, kilikuwa cha Mgeni. Mhudumu aliipangusa picha vumbi kama kawaida.

Siku ya Tamaduni mkaguzi wa elimu alisimama mbele ya ile picha.

"Wanatazama nini?"

"Ubao, mheshimiwa," alijibu mhudumu.

Mkaguzi aliandika kwamba nidhamu ni nzuri. Mwalimu mkuu alihutubia kwa nusu saa kuhusu umoja.

Katika mtihani wa mwisho wa mwaka Mgeni alipata hesabu kumi na nane kati ya ishirini. Mbili alizokosa zilikuwa makosa yake mwenyewe. Mama yake alizitazama muda mrefu kuliko zile kumi na nane, akaiweka karatasi ndani ya droo ya cherehani. Katika daftari la lile somo la ubaguzi, zile nafasi mbili zilikuwa zimejazwa.

Januari mpango wa darasa la sita ulitoka umechapwa na kugongwa muhuri. Mgeni: dawati la mwisho. Sababu: nywele. Mwalimu wa darasa la sita aliusoma mara moja, akaubandika karibu na mlango, kisha akamwomba mhudumu brashi na rangi nyeusi ya ubao, ya kutosha ukuta wa nyuma.