Bafu la Maveterani

Baba yangu, Pyo Sang-gil, alirudi kutoka vita vya Vietnam na mguu mmoja, na tangu hapo hakuingia tena bafu la umma. Alijaribu mara moja tu, mkesha wa mwaka mpya, mtaa mzima unapojazana kwenye maji ya moto na kusuguana migongo. Mwenye bafu alimvuta pembeni akamwambia, kwa adabu zote, kwamba watoto wanaogopa. Baba akavaa nguo zake akaondoka. Mimi nimekua nikimsikia akijimwagia maji ya beseni nyuma ya mlango uliofungwa, na mgongo wake hakumruhusu mtu ausugue, hata mama.

Kwa hiyo ofisi yetu ya usanifu ilipopewa kazi ya kuchora hospitali mpya ya maveterani huku kwetu mkoani Jeolla, nilianza na bafu. Wenzangu walichora wodi. Mimi nikachora bwawa la maji ya moto lenye mteremko, mtu ashuke na kiti chake cha magurudumu mpaka maji yamfike kifuani, pembeni yake wasio na mikono na wasio na miguu, na asiwepo wa kumkodolea mwenzake macho. Nilipomwonyesha baba, alikaa na ule mchoro jioni nzima. Kisha akaanza kunisumbua. Maji yatakuwa ya moto kiasi gani? Atakuwepo mtu wa kusugua, au watasuguana wenyewe? Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, na ilinitia hofu.

Hofu yangu haikuwa bure. Mwenyekiti wa kamati, jenerali mstaafu aitwaye Ok, alitaka sehemu ileile ya bafu, ghorofa ya chini, iwe ukumbi wa msiba, maana kwetu wafu huagwa hospitalini; uwe mkubwa, wenye nafasi ya mashada ya maua kupangwa hadi mlangoni. Nilibishana naye mpaka mkuu wangu akanikanyaga chini ya meza. Jenerali akawageukia wawakilishi wa maveterani, baba akiwa mmoja wao.

"Ndugu zangu, tusidanganyane. Hayo maji tutayaoga miaka mingapi? Nani hapa anataka mwanawe apokee wageni wa msiba kwenye korido?"

Mikono ikainuka mmoja mmoja. Wa baba ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka.

Kwenye gari nilishindwa kujizuia.

"Baba, umefanya nini? Lile bafu lilikuwa lako."

"Wewe huna kaka," akasema, uso ameugeuzia dirishani. "Utasimama peke yako kupokea watu. Sitaki wakukute umebanwa kwenye kona, kama mtoto wa mtu asiye na maana. Beseni nimeshalizoea."

"Nani alikwambia mimi nataka mashada?"

"Endesha gari, mama. Taa imeshawaka kijani."

Hospitali ikajengwa. Ukumbi ule wa marumaru niliuchora mwenyewe, kwa amri, na nauchukia mpaka leo. Baba alipofia ghorofani nilipewa chumba kikubwa kuliko vyote vya ukumbi ule. Rafiki zake karibu wote walikuwa wametangulia. Nikasimama peke yangu na nguo zangu nyeusi, supu ya nyama ya wageni ikapoa kwenye meza ndefu ambazo hazikuwa na watu. Shada la jenerali lilikuja, mwenyewe hakuja.

Siku ya pili wakaniita nisimame nyuma ya kioo, nishuhudie baba anavyoandaliwa kwa mazishi. Wahudumu wawili wakamlaza ubavu, na kwa mara ya kwanza maishani nikauona mgongo wa baba. Ulikuwa mwembamba, mweupe, wa mtu yeyote tu. Nilijiambia kwamba angalau leo atasuguliwa. Mmoja wao akachovya pamba kwenye spiriti, akaipitisha mara mbili tatu, akamfunika. Hata maji hawakutumia.